Mume Wangu na Neno la Kuhama

Mume wangu alifundisha Kiingereza miaka thelathini na minne, na alipostaafu, badala ya kupumzika kama watu, akaamua kutunga kamusi. Kila mtu anamwita Mwalimu, hata mimi, maana ukimwita kwa jina lake hageuki. Wachapishaji walimwomba kamusi ndogo ya wanafunzi, Kiingereza kwa Kiswahili, ya kuingia kwenye mkoba wa shule. Wao walisema ndogo. Mwalimu alisikia kamusi tu.

Kila neno lina kadi yake, na kadi zinakaa kwenye maboksi ya viatu anayopewa na muuza viatu aliyeko chini, kwenye mlango wa jengo letu. A mpaka H ziko sebuleni. I mpaka N zimejaa chumba cha wageni, ndiyo maana siku hizi hatupati wageni wa kulala. O na P ziko juu ya kabati la vyombo, Q ni boksi moja la viatu vya mtoto mchanga, nami nalipenda kuliko yote kwa adabu yake, na R imetanda juu ya meza, mahali ambapo nyumba nyingine huweka chakula. Madirisha hayafunguliwi, kwa sababu upepo haujui alfabeti. Ukitaka kufagia sebule yangu lazima kwanza ujue kusoma.

Tunaishi ghorofa ya nne na jengo halina lifti. Ngazi ni sabini na mbili. Najua idadi yake kwa sababu mara ya mwisho niliyopanda, goti langu la kulia lilizihesabu moja moja. Siku hiyo nilikaa robo saa kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mkoba wazi mapajani, nikijifanya natafuta funguo kila alipopita mtu. Nilipofika juu nikajiambia kesho sishuki, napumzika. Kesho yake nikajiambia hivyo hivyo, na siku zikashikana mikono zikaenda zao.

Sasa aibu yangu ni hii: mimi ni nesi mstaafu. Maisha yangu yote wodini nilikuwa nagombana na wagonjwa wanaoficha maumivu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikawaambia, sema unapoumwa, mimi si mtabiri. Wakasema, wakapona, wakaenda kwao. Lakini mganga hajigangi. Goti lilipokuwa langu, nikalifunika shuka.

Mwalimu hakujua. Nilimgeuza kuwa mtu wa sokoni kwa maneno yangu tu. Nilimwambia mwanamume aliyestaafu asipobeba kapu anaota kutu, naye akacheka, akabeba kapu. Nikamwambia nyanya zinawapenda wazee wasomi, muuzaji huwapunguzia bei. Akaenda kwenye nyanya. Alidhani namwonea, na kusema kweli alifurahi kuonewa, maana kila safari ya sokoni alirudi na maneno mapya mfukoni. Basi nikakaa ghorofani kama malkia, nikitoa amri, na hakuna aliyejua kwamba malkia hawezi kushuka.

Hakuna, isipokuwa binti yetu. Yeye ni mpima ardhi, macho yake yamezoea kuona kitu kilichopinda. Jumamosi moja alinitazama nikitoka jikoni mpaka sebuleni, akanifuata chumbani akafunga mlango.

"Mama, hilo goti."

"Goti gani?"

"Hilo unalolivuta kama si lako."

Wiki iliyofuata alikuja na habari. Kuna nyumba mitaa miwili kutoka kwake, vyumba vitatu, iko chini kabisa, mlangoni hakuna ngazi hata moja. Mwenye nyumba amekubali kuishikilia mpaka mwisho wa mwezi. Nilipoisikia ile habari moyo wangu ulinienda mbio kama wa msichana anayeposwa. Nilijiona natoka mlangoni asubuhi na kujikuta tayari niko barabarani.

Binti akamweleza baba yake mezani, nyuma ya ukuta wa maboksi. Mwalimu alisikiliza kwa adabu, kalamu hewani.

"Nyumba nzuri," alisema. "Tutaizungumza. Niacheni kwanza niifunge R."

"Baba, mwisho wa mwezi ni wiki tatu."

"R nayo imebaki kidogo."

Binti alinivuta kando. "Nimwambie kuhusu goti?"

"Thubutu," nilimjibu.

Msiniulize kwa nini. Nilitaka aone mwenyewe. Nimeishi na mtu huyu miaka arobaini, nimejua kwamba anaumwa jino kabla yeye hajajua, kwa jinsi tu alivyokuwa akikata mkate. Nikasema safari hii zamu ni yake. Huo ndio ulikuwa upumbavu wangu, na nilikuwa nao kwa moyo wote.

Kumbe kilichoikwamisha R kilikuwa neno moja: "relocate." Nilicheka peke yangu jikoni nilipolisikia. Maneno yote ya Waingereza, na mzee wangu akakwama kwenye lile la kuhama.

Asubuhi yake alinisomea asili yake huku chai ikipoa. Lilianzia kwa Warumi, alisema. Walikuwa na neno lao la mahali, "locus," na kutoka hapo wakapata "locare," kuweka kitu mahali pake.

"Na sikiliza hili," akasema, akainua kidole. "Hilo 'locare' lilikuwa pia kupangisha. Kumpa mtu kitu kwa kodi."

"Kumbe Warumi nao walikuwa na wenye nyumba."

"Walikuwa nao."

"Na walipandisha kodi bila taarifa?"

"Mama, hapa nazungumzia isimu."

Akaendelea. Waingereza walilichukua lile la kuweka mahali, wakalipachika mbele "re," yaani tena, na zaidi walikuwa wenzao wa Marekani waliolitumia, kwanza kwa mambo ya ardhi na barabara, baadaye kwa watu. Nikamwambia ndiyo desturi ya dunia, barabara huhudumiwa kwanza na watu baadaye. Hilo nalo hakuliandika.

Mpaka hapo kazi ilikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa sharti lake. Mwalimu hakubali mfano wa kutunga. Kila maana lazima iwe na sentensi ya Kiswahili iliyotoka kinywani mwa mtu wa kweli, na mtu huyo asijue kwamba anavuliwa kama samaki. Akijua, Mwalimu anasema, ataanza kuongea kama anayehutubia. Chini ya kila mfano huandika aliyesema ni nani na lini. Nimemwona akizungumza na fundi wa bomba saa nzima habari za maji, bomba letu likiwa zima kabisa, ili tu apate mfano wa kuvuja.

Neno hili alilipa maana tatu. Ya kwanza ni kuhamisha kitu. Hiyo aliipata kwa binti yetu bila jasho, alipomuuliza kazini wanaendeleaje. "Mwenye kiwanja alipinga mpaka mwisho," binti akasema, "ikabidi tuihamishe barabara." Mwalimu aliomba radhi akaenda msalani na kadi.

Ya pili ni kumhamisha mtu, akitaka asitake. Hiyo aliitoa kwa rafiki yake wa zamani, mkaguzi wa shule, aliyekuja kutusalimia akiwa amenuna. "Nimehamishwa kituo kwa barua ya mistari miwili," mkaguzi alisema, na Mwalimu akampa pole kwa uso uliojaa furaha. Nilimwonea huruma yule mgeni. Alidhani amekuja kufarijiwa.

Ya tatu ndiyo iliyogoma: mtu kuhama mwenyewe, kwa hiari yake, akakae kwingine. Siku tano Mwalimu alivua bila kupata hata dagaa. Alimuuliza kinyozi, kinyozi akamweleza habari za mpira. Alimuuliza jirani wa mlango wa pili kama jengo hili linamfaa, na yule mama, akidhani ametumwa na mwenye nyumba, akasema linamfaa sana na kwamba kodi ataleta Ijumaa. Kila jioni alirudi na kapu la mboga na kadi tupu.

"Watu hawahami siku hizi?" aliniuliza.

"Wanahama. Ila hawaagi kamusi."

Akacheka mpaka miwani ikashuka. Ndivyo tulivyo, ndivyo tulivyokuwa siku zote. Yeye anauliza, mimi natania, yeye anacheka, na kila mmoja anarudi kwenye kazi yake akiwa amenona kidogo. Ndoa nyingine zina vitu vya thamani kuliko hivyo, lakini sijaziona.

Jumatano ya wiki ya mwisho nilishindwa. Mchana huo nilikuwa nimejaribu ngazi. Nilisubiri Mwalimu aende sokoni, nikavaa viatu, nikatoka. Nilishuka ngazi nane. Kwenye ya tisa goti likateleza ndani yake lenyewe, sijui niseme vipi, nami nikabaki nimekumbatia chuma cha pembeni kwa mikono miwili, jasho likinitoka. Chini nilisikia mtu akifungua mlango wa jengo, nikasikia magari ya barabarani, karibu kabisa. Nikageuka nikarudi juu kwa makalio, ngazi moja moja, mtu mzima mimi, nesi mkuu wa wodi mbili. Mwalimu aliporudi nilikuwa kitini, nimejifunika shuka.

Nilimsubiri akae. Nilisubiri mpaka akavaa miwani. Kisha nikasema, bila kucheka, "Mwalimu, mimi nimechoka na nyumba hii. Nataka kuhama."

Hakuinua hata kichwa. "Nzuri sana hiyo," alisema. "Imekaa sawasawa. Lakini siwezi kuichukua, mama. Wewe si shahidi. Unajua ninachotafuta."

"Sikupi mfano. Nasema nataka kuhama."

"Na unaigiza vizuri," akasema, akitabasamu kwenye kadi zake. "Umekaribia sana kunipata safari hii."

Nilitafuta hasira, maana hasira huwa karibu nami, lakini haikuja. Kilichokuja kilikuwa woga. Nilijiona mtu aliyetania miaka arobaini mfululizo, na siku anaposema kweli, kweli yake haina sura ya kutambulika. Ningeweza kumwonyesha goti. Nilishika ukingo wa shuka niliinue, nikauacha. Niliinuka nikaenda kuinjika chai, nikishika ukuta, naye akasema kwa nyuma yangu kwamba nisisahau kuweka tangawizi.

Ijumaa muuza viatu alipanda mwenyewe kuleta maboksi mawili. Huwa anayaacha chini, lakini siku hiyo biashara ilikuwa imelala. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, mguu wangu umenyooshwa juu ya kigoda, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia kila neno.

Walisalimiana. Mwalimu akayasifu maboksi kwa upana wake. Muuza viatu akasitasita, kisha akasema, "Samahani, Mwalimu, nikuulize kitu, kama si siri ya nyumba."

"Uliza."

"Mama alihama?"

Nilisikia droo ya meza ikifunguliwa taratibu, na nikajua mkono wa nani umeifungua na unatafuta nini. Samaki amekuja mwenyewe mpaka mlangoni.

"Kwa nini unauliza hivyo?" alisema Mwalimu, kwa ile sauti yake ya uvuvi, laini kama siagi.

"Aa, mimi nakaa pale mlangoni tangu asubuhi mpaka jioni. Kila anayetoka lazima anipite. Mama alikuwa akipita ananitania, viatu vyangu vinalia, viatu vyangu vina njaa. Sasa miezi miwili sijamwona. Nikasema basi, ngazi hizi zimemshinda, amehamia kwa binti yake."

Nilisikia kalamu ikikwaruza. Mwalimu ana tabia ya kujisomea chinichini anapoandika, ndivyo alivyowaandikia watoto ubaoni. "Ngazi hizi," alisoma, "zimemshinda. Amehamia. Kwa. Binti."

Kalamu ikasimama.

"Miezi miwili?" aliuliza, na ile sauti ya uvuvi haikuwepo tena.

"Na siku kadhaa. Mara ya mwisho alipanda akikaa-kaa, anapumzika kwenye ngazi. Nilitaka kumsaidia mfuko, akanifukuza kwa maneno." Muuza viatu akacheka, akagundua kwamba anacheka peke yake. "Basi nikadhani amehama. Hajambo lakini?"

Mwalimu aliinuka. Alimshukuru kwa maboksi. Nilisikia mlango ukifungwa. Nikaendelea kuutazama mchele bila kuuchambua.

Alipokuja jikoni alikuwa bado ameshika kadi. Alisimama mlangoni akatazama, si mimi, bali mguu wangu, jinsi ulivyo juu ya kigoda. Kisha akatazama kapu la soko lililoning'inia nyuma ya mlango, lile alilolibeba yeye wiki zote hizo. Niliuona uso wake ukifanya hesabu.

"Mara ya mwisho kushuka ilikuwa lini?"

Nilikuwa na majibu matatu, yote mazuri. Moja lilikuwa la malkia. Nilifungua mdomo na nikaona kwamba nikilisema hilo, atacheka kwa hiari au kwa heshima, na tutakula, na mwezi utaisha.

"Siku sitini na tatu," nilisema. "Goti limekataa. Juzi nilijaribu ulipokuwa sokoni, nikarudi kwa makalio. Naogopa, Mwalimu. Naogopa siku nitakayohitaji kutoka humu haraka nisiweze. Natamani hata kutembea nawe barabarani. Nataka kuhama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia Jumatano. Ulisema mimi si shahidi."

Mwalimu alitaka kukaa na jikoni hakukuwa na kiti kingine, kwa hiyo akakaa chini sakafuni, mzee wa miaka sitini na tisa, kwa hatua tatu na mlio mmoja. Aliweka kadi pembeni. Akaweka mkono wake juu ya goti langu, polepole, kama mtu anayegusa sufuria kuona kama bado ni ya moto. Nilimwona anavyouma midomo. Nilimwonea huruma, na sitadanganya, nilifurahi pia.

Akatoa simu mfukoni akampigia binti yetu pale pale chini.

"Ile nyumba bado ipo?"

Sikumsikia binti, lakini nilimsikia Mwalimu akijibu, "Bado, haijafungwa." Kisha, "Acha habari za R. Mwambie mwenye nyumba tunakuja wiki hii." Kisha akasikiliza muda mrefu, akanitazama, akasema, "Ndiyo. Sasa nimejua. Njoo." Akakata simu.

Maji ya jirani yalikuwa yakipita ukutani.

"Ulikuwa unasubiri nini?" aliniuliza.

"Nilitaka uone mwenyewe."

Alilifikiria hilo kwa uaminifu, jinsi anavyolifikiria neno lolote analoletewa. Akatikisa kichwa.

"Nisingeona," alisema. "Wewe unanijua. Ungekaa humu mpaka Z."

Nilitaka kucheka, nikalia, na nikalia vizuri, kama ambavyo sikuwahi kumruhusu mgonjwa wangu yeyote alie bila kumpa maji. Mwalimu alisema anakuja kunikumbatia. Akajaribu kuinuka, akashindwa. Akashika kigoda, akashindwa tena. Akaniambia nimvute, nikamkumbusha nina goti moja tu la kufanyia kazi. Basi akakiegemeza kichwa kwenye mguu wangu ule mzima, na tukabaki hivyo hivyo, mimi kitini, yeye sakafuni, mpaka binti yetu alipopanda ngazi zote sabini na mbili kuja kutuinua.